JAZI NDANI YA MUZIKI WA MAKAUBOI

Siku moja darasani kwetu kulizuka ubishi mkali. Mwenzetu alishikilia kwamba muziki wa kantri ni wa Wazungu watupu, eti mtu mweusi hana chake humo. Nilinyamaza kwa kuwa sikuwa na jibu. Leo ninalo.

Katika miaka ya 1930, huko Texas na Oklahoma nchini Marekani, kulitokea muziki wa densi ambao baadaye uliitwa westani swingi. Waanzilishi wake wakuu ni Milton Brown na Bob Wills. Hawa walianza pamoja mjini Fort Worth, kisha kila mmoja akaunda bendi yake. Brown alifariki mwaka wa 1936 baada ya ajali ya gari, basi jina la Wills likavuma zaidi.

Sasa, jazi imo wapi? Tuangalie mambo matatu.

Kwanza ni ala. Wanamuziki wa mashambani walitegemea fidla, gita na banjo. Brown aliongeza piano ya jazi. Wills naye, kufikia 1935, alikuwa na ngoma, saksafoni na tromboni.

Pili ni kubuni papo hapo. Mwimbaji akinyamaza, wapigaji hupokezana zamu, kila mmoja akipiga vile moyo unavyomtuma. Hakuna kukariri! Mwaka huo wa 1935, Bob Dunn wa bendi ya Brown alirekodi gita la kulaza mapajani, lenye kutumia umeme, akilipiga kama mtu anayepuliza tromboni.

Tatu ni asili. Wills alipokuwa mtoto alichuma pamba pamoja na watu weusi, akazishika nyimbo zao. Baadaye alimhusudu sana Bessie Smith, malkia wa bluzi. Bluzi ndiyo iliyolea jazi.

Lakini kuna jambo la kusikitisha. Wakati huo ubaguzi wa rangi ulikuwa umeshika mizizi Texas. Kwenye kumbi za densi za Wazungu, mtu mweusi hakukaribishwa kucheza. Muziki wake uliingia, mwenyewe akabaki nje.

Kwa hivyo ndugu yangu wa ule ubishi, ukisikia fidla ya makauboi ikiyumba kwa raha, usiseme tena hatumo. Wahenga walinena: mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni.