Upepo wa Tairi la Lori

Msafiri atokaye Mombasa kwenda Nairobi kwa barabara huona kando ya njia vipande virefu vya mpira, vimejikunja kama ngozi ya chatu. Watu wengi husema kwamba hayo ni mabaki ya matairi makuukuu yaliyobandikwa mpira mpya. Mara nyingine ni kweli. Lakini mara nyingi kosa si la mbandikaji wala la kiwanda. Ni upepo uliopungua, na dereva hana habari.

Yafaa kwanza kufahamu kwamba mzigo wa lori haubebwi na mpira, bali hubebwa na upepo. Mpira na nyuzi za chuma zilizomo ndani yake ni mfuko tu wa kuuzuia upepo usitoke. Upepo ukipungua, ubavu wa tairi hukunjika kila ufikapo chini, ukakunjuka kila uinukapo. Chukua waya mwembamba, uukunje na kuukunjua upesi upesi: mahali pa mkunjo patapata moto, kisha patakatika. Ndivyo ilivyo kwa tairi. Kutoka Mombasa hadi Nairobi ni kilomita 480 hivi, na katika safari hiyo gurudumu la lori kubwa huzunguka zaidi ya mara 130,000. Fikiri basi ubavu huo hukunjwa mara ngapi, tena katika joto la nyika ya Taru, na mzigo wa saruji juu yake!

Iko desturi ya kupiga tairi teke au nyundo na kusikiliza mlio. Mlio huo utakujulisha tairi lililo tupu, lakini hautakujulisha tofauti ya pauni 120 na pauni 90. Kwa kazi hiyo hapana kitu ila geji, nayo itumiwe asubuhi, kabla lori halijaondoka. Malori mengi makubwa huhitaji pauni 100 hadi 120, lakini kipimo halisi hutegemea aina ya tairi na uzito wa mzigo. Dereva afuate jedwali la mtengenezaji, asifuate la jirani yake.

Njiani, tairi likipata moto, geji itaonyesha ongezeko la pauni 10 au 15, hata zaidi. Hilo si kosa. Anayepunguza upepo huo pale Mtito Andei hujidhulumu mwenyewe, kwani likipoa atakuwa na tairi lenye upepo haba, na safari ya kesho litapata moto kuliko jana. Lakini tairi moja likiwa na moto mno kuliko wenzake, litafutiwe sababu. Huenda breki yake imeshika.

Sasa tuyatazame magurudumu ya nyuma, yaendayo mawili mawili. Hapa ndipo penye siri nyingi. Tairi la ndani halionekani vizuri, na mdomo wake wa upepo ni taabu kuufikia, kwa hiyo taniboi hulipima la nje na kulisamehe la ndani. La ndani likiisha upepo, gari haliinami sana, kwa maana la nje limepokea mzigo wote. Yaani moja linafanya kazi ya mawili. Baada ya muda la nje hupasuka, naye dereva hulilaumu lile lililokuwa likimsaidia. Hali kadhalika msifunge tairi jipya pamoja na lililokwisha meno. Yamefungwa pamoja, lazima yazunguke sawasawa. Basi lile dogo huburutwa juu ya lami mchana kutwa.

Jambo linaloua watu ni hili. Tairi lililotembea likiwa na upepo haba, ingawa kwa nje laonekana zima, nyuzi zake za ubavuni huenda zimekwisha kukatika. Likijazwa upepo papo hapo, ubavu waweza kufumuka ghafula na kumpiga aliyeinama mbele yake. Ikiwa upepo ulishuka kwa sehemu moja katika tano au zaidi, na gari likaendelea kutembea, tairi litolewe katika rimu, fundi alikague ndani. Litakapojazwa, liwekwe katika kizimba cha chuma, mpira wa kompresa uwe mrefu na wenye kujishika wenyewe, naye mjazaji asisimame kuelekea ubavu. Akisikia mlio wa kukatika-katika, aache mara moja na kuondoka. Rimu zenye pete ya chuma zina hatari nyingine: pete isipokaa vema hutupwa kama kombora. Isipigwe nyundo wakati tairi lina upepo, na kabla ya kulegeza nati za magurudumu mawili ya namna hiyo, upepo wote utolewe katika yote mawili. Watoto wapendao kutazama kazi hiyo wafukuzwe mbali.

Mnunuzi wa tairi asome pia tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT ubavuni: 1423 maana yake ni juma la 14 la mwaka 2023. Jiwe likikwama katikati ya matairi mawili, liondolewe kabla ya kuondoka. Na gurudumu likiisha kubadilishwa, nati zikazwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100, kwa kuwa huelekea kulegea zikikaa mahali pake.