Lugha ya Kufundishia Mpakani: Hali ya Busia na Malaba

Ripoti ya Gachathi (1976) ilipendekeza kwamba mtoto wa Kenya afundishwe kwa lugha ya eneo lake hadi darasa la tatu, kisha Kiingereza kishike nafasi hiyo kuanzia darasa la nne. Vijijini Marachi, lugha hiyo ni Kimarachi, lahaja mojawapo ya Kiluyia. Kandokando ya Malaba ni Kiteso. Mjini, ambako Waluyia, Waiteso na Wajaluo huketi dawati moja, Kiswahili ndicho kiungo.

Hata hivyo, wazazi wengi hudai Kiingereza tangu mwanzo. Mtoto anyamazapo huitwa mjinga, kumbe hajaelewa lugha ya swali. Yamkini Kiingereza chenyewe kingeimarika kama kingejengwa juu ya lugha aijuayo.

Je, sisi walimu watarajiwa wa Kiswahili tutamsaidia vipi?