Kanisa Linapojipanga Upya: Maswali ya Waumini na Watumishi

Tangazo linasomwa baada ya ibada: baraza la wazee limeamua kupanga upya idara za usharika na majukumu ya watumishi, ili kazi zote zilenge utume mmoja. Kabla watu hawajafika getini, maswali yameshaanza. Nani ataondoka? Idara ya wanawake itaunganishwa na ipi? Mwinjilisti wa mtaa wetu anahamishwa? Maelezo haya yanajibu yanayoulizwa zaidi, na kwa upande wa sheria yanahusu hasa Tanzania.

Utume wa pamoja ni nini hasa?

Ni makubaliano ya wazi kuhusu kazi ambayo kanisa hilo, mahali lilipo, linaona limeitiwa kuifanya. Usharika wa miaka mingi hujikuta una kwaya tano, kamati ya ujenzi ambayo jengo lake lilikwisha zamani, na idara zenye mifuko na harambee zake, huku muumini yuleyule akifuatwa na bahasha nne ndani ya mwezi mmoja. Kila kimoja kilianzishwa kwa nia njema na kwa wakati wake.

Sasa chukua usharika unaokubaliana kwamba kwa miaka mitano ijayo utawalea vijana waliomaliza shule na hawana kazi. Diakonia itawatafuta washarika wenye gereji na vyumba vya ushonaji wawapokee vijana hao. Kwaya zitapunguza safari, na fedha hizo ziende kwenye malezi. Mwinjilisti aliyekuwa akishinda ofisini akijaza rejista atashinda mitaani. Hapo utume unaonekana. Lakini kama bajeti ya mwaka huu inafanana na ya mwaka jana mstari kwa mstari, kilichobadilika ni maneno tu, na waumini wana haki ya kulisema hilo mkutanoni.

Je, hili ni jambo geni kanisani?

Hapana. Sura ya 6 ya Matendo ya Mitume inaeleza manung'uniko ya Wayahudi wenye lugha ya Kiyunani, kwamba wajane wao walisahauliwa katika mgawo wa kila siku. Mitume waliita mkutano, watu saba wakachaguliwa kwa kazi hiyo, na wao wakabaki na sala na huduma ya neno.

Karibu nasi zaidi, maaskofu Wakatoliki wa nchi za AMECEA, yaani umoja wa mabaraza ya maaskofu wa Afrika Mashariki, walikubaliana mwaka 1973, wakathibitisha mwaka 1976, kwamba maisha ya Kanisa yajengwe juu ya Jumuiya Ndogo Ndogo. Uamuzi huo uligusa kazi ya kila mtu. Padre aliyezoea kusubiriwa misioni alitakiwa kwenda kusali nyumbani kwa watu. Kutembelea wagonjwa, kufariji wafiwa na kuwaandaa wazazi kwa ubatizo wa watoto wao kukawa kazi ya majirani, na katekista akahitajika zaidi kama mlezi wa viongozi wa jumuiya. Mwaka 1979 maaskofu walikutana Zomba, Malawi, na utekelezaji wa uamuzi huo ndio uliokuwa ajenda yao. Naliona hilo kuwa funzo kubwa kuliko uamuzi wenyewe: mabadiliko yasiyopangiwa tarehe ya kutathminiwa huachwa njiani.

Huko Kinshasa, katika miaka ya 1970, Kardinali Joseph Malula aliwakabidhi uongozi wa parokia walei walioandaliwa kwa kazi hiyo, walioitwa bakambi. Na mwaka 1963 makanisa saba ya Kilutheri yaliungana kuwa kanisa moja, ambalo leo ni Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT).

Nani mwenye mamlaka ya kuamua?

Soma katiba ya kanisa lako. Kwa Walutheri, baraza la wazee na mkutano mkuu wa usharika vina nafasi yake, lakini uhamisho wa mchungaji ni jambo la dayosisi. Kwa Wakatoliki, halmashauri ya parokia hushauri, paroko huamua, na askofu ndiye anayempangia padre kituo.

Je, watumishi wataachishwa kazi?

Si lazima. Mara nyingi kinachohitajika ni kubadili majukumu na kuwafundisha watu kazi mpya, na kanisa linapaswa kuanza hapo. Ila nafasi zikipungua kweli, viongozi wakumbuke kwamba kwa mhasibu, katibu muhtasi, dereva, mlinzi au mwalimu wa chekechea, kanisa ni mwajiri. Kumwita mtu "mtumishi wa Mungu" hakumwondolei haki zake za kazi.

Kifungu cha 38 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinamtaka mwajiri anayekusudia kupunguza wafanyakazi atoe taarifa mapema, aeleze kila jambo linalohusika, na ashauriane na wafanyakazi au chama chao kabla ya kuamua. Yanayojadiliwa ni sababu za kupunguza, njia za kuepuka au kulipunguza zoezi lenyewe, vigezo vya kuwapata watakaoondoka, wakati wa kufanya hivyo, na malipo. Barua inayoletwa Ijumaa jioni bila mazungumzo yoyote haitimizi masharti haya, hata ikifunguliwa kwa salamu za Bwana Yesu.

Anayelipwa kwa mwezi hupewa notisi isiyopungua siku 28. Aliyefanya kazi mfululizo kwa miezi 12 au zaidi hulipwa kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka aliokamilisha, hadi miaka 10. Mlinzi wa miaka 6 atapata wa siku 42, na katibu wa miaka 14 wa siku 70, kwa kuwa hesabu hukomea miaka 10. Hicho ni kiwango cha chini, na kanisa halizuiwi kutoa zaidi; kwa mzee aliyelinda madhabahu ujana wake wote, nadhani litoe. Juu yake kuna mshahara wa siku alizofanya kazi, likizo ambayo hakuichukua, na cheti cha utumishi. Anayekataa bila sababu ya msingi nafasi nyingine aliyopewa anaweza kukikosa kiinua mgongo.

Kwa jirani zetu wa Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inaweka kiwango kisichopungua malipo ya siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika.

Sadaka tuliyochangia idara iliyofutwa itakwenda wapi?

Mwombeni mtunza hazina asome salio la kila mfuko mbele ya mkutano kabla mifuko haijaunganishwa. Fedha iliyochangwa kwa ajili ya yatima isihamishiwe kwenye vipaza sauti bila waliotoa kuambiwa.

Mtumishi akiona ameachishwa isivyo halali afanye nini?

Azungumze kwanza na viongozi, na ayaweke malalamiko yake kwa maandishi. Lakini asikae akingoja vikao vya kanisa viishe. Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yaani CMA, hupokea mgogoro wa kuachishwa kazi ndani ya siku 30 tangu siku ya kuachishwa. Aende na mkataba, barua aliyopewa na hati za mishahara.