Ukurasa wa Kumfikisha Mwanafunzi kwa Mnasihi

Kabla hamjafungua ukurasa wowote wa afya ya akili chuoni, nendeni mkamwone mnasihi wenu. Muulizeni anapatikana siku gani, saa ngapi, na kwa wiki anamudu kuwapokea wanafunzi wangapi. Vyuo vyetu vikubwa Tanzania vina maelfu ya wanafunzi na wanasihi wachache mno. Mkianza kupiga debe mitandaoni bila yeye kujua, mwanafunzi aliyejikaza wiki nzima ndipo akapata moyo wa kwenda atakuta mlango umefungwa. Huyo harudi tena.

Naamini ukurasa wa aina hii una kazi moja: kumtoa mtu bwenini hadi kwenye kiti cha mnasihi. Maneno ya kutia moyo yamejaa kila mahali. Hayana ubaya, ila hayamwonyeshi pa kwenda mtu ambaye usingizi umempaa kwa siku tatu. Yeye anataka kujua mambo madogo madogo ambayo anaona aibu kuyauliza: mlango ni upi, ataanza kusema nini, na nani atajua kwamba alikwenda. Posti yenye kufaa huandikwa hivi:

“Mnasihi yuko jengo la kituo cha afya, ghorofa ya chini, mlango wa mwisho kushoto. Pale mapokezi huna haja ya kueleza shida yako. Sema tu, ‘Naomba kumwona mnasihi.’ Hutadaiwa barua ya mtu yeyote. Idara yako haitaarifiwa, wala wazazi. Siri ina mpaka mmoja: maisha yako au ya mwenzako yakiwa hatarini.”

Mnasihi aisome na kuikubali kila sentensi kabla haijatoka, hasa zile za siri, kwa maana ninyi mnaahidi kwa niaba yake. Chini yake wekeni picha ya mlango wenyewe, bila mtu. Picha moja ndogo inatosha. Video ya dakika kumi inamaliza bando la mtu ambaye huenda hana hata la kununulia chakula.

Halafu fuateni kalenda ya chuo. Oktoba 10, Siku ya Afya ya Akili Duniani, ambayo imeadhimishwa tangu 1992, kurasa nyingi huchangamka, kisha kimya hadi mwaka unaofuata. Hofu za wanafunzi zina majira yake. Kuna wiki za mwanzo, mwaka wa kwanza wamefika, wengine hawana chumba na wanabebana kitanda kimoja. Kuna siku bumu linapochelewa. Kuna mitihani, halafu matokeo, na usiku ule ambao mtu anajiuliza kama amedisko. Posti yenu itangulie siku hizo. Juma moja kabla ya matokeo, elezeni kwa lugha nyepesi sapu hufanywaje, rufaa hupelekwa wapi na ndani ya muda gani, kisha hapo hapo wekeni saa za mnasihi. Bumu likichelewa, andikeni jina la ofisi ya mikopo chuoni na jinsi ya kufuatilia. Shida ya fedha na ya akili kwa mwanafunzi wetu mara nyingi ni shida moja, na kumwambia aliyelala njaa apumue taratibu ni kumdharau.

Kuhusu mitandao yenyewe, wengi wako WhatsApp. Tumieni makundi ya madarasa kupitia kwa kiongozi wa darasa (CR) kusambaza tangazo, lakini msifungue kundi la “wenye msongo wa mawazo”. Kwenye kundi kila mwanachama huonekana namba yake, na kujiunga kwenyewe ni kujitangaza. Chaneli ya WhatsApp inafaa zaidi kwa sababu wafuasi hawaonani. Instagram nako mjihadhari: kile kisanduku cha maswali kwenye stori humwonyesha mwenye ukurasa jina la aliyeuliza, ingawa watazamaji wengine hawalioni. Waambieni watu hivyo waziwazi. Mkitaka maswali yasiyo na majina, tumieni fomu ya mtandaoni, mkihakikisha haikusanyi anwani za barua pepe. Akaunti za chuo zinaweza kuzikusanya zenyewe.

Utani wa “huyu apelekwe Mirembe” ufuteni mara unapotokea kwenye komenti. Hospitali ile ya Dodoma inatibu watu, na kila utani wa namna hiyo unamrudisha nyuma anayefikiria kutafuta tiba.

Sasa jambo zito kuliko yote. Saa nane za usiku mtu anaandika kwenye kundi la darasa, au anawatumia meseji, kwamba amechoka na maisha. Msimjibu hadharani kwa mahubiri, wala msipige skrinishoti na kuisambaza mkiomba msaada. Mmoja wenu amwandikie pembeni, kwa jina lake, kisha apige simu. Aulize moja kwa moja: “Unafikiria kujiua?” Shirika la Afya Duniani limeeleza wazi kwamba kuuliza hivyo hakumtii mtu wazo hilo, aghalabu humpa nafasi ya kusema. Akijibu ndiyo, mwingine amtafute anayekaa naye chumba kimoja, au mlezi wa bweni, mtu afike pale na asimwache peke yake hadi apelekwe kituo cha afya au hospitali. Ninyi si wanasihi. Kazi yenu usiku huo ni kumkabidhi kwa anayejua.

Mambo haya yapangwe mchana: nani ana zamu ya meseji, namba ya mlezi wa bweni, namba ya gari la wagonjwa. Usiku ambao hakuna mwenye zamu, jibu la kujituma lenyewe liseme hivyo na kutoa namba. Namba yoyote kabla ya kuiposti ipigeni wenyewe, mchana na usiku, msikie kama inapokewa. 

Na mkisha kumwokoa mtu, msimwandike, hata bila jina. Chuoni watu watamjua kwa kozi na bweni. Zaidi ya hayo, kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kimehesabu kujaribu kujiua kuwa kosa, na andiko lenu linaweza kumtia matatani. Kenya, Mahakama Kuu iliamua Januari 2025 kwamba kifungu cha namna hiyo hiyo kinakwenda kinyume na Katiba. Msiba wa mwanafunzi nao, ukitokea, tangazeni kwa staha: msitaje njia iliyotumika, wala msiseme “alijiua kwa sababu ya sapu”, kwani mwenye sapu kama yake yuko anasoma.

Kila mwisho wa muhula mwombeni mnasihi idadi tu, bila majina, ya waliosema wamefika kwa sababu ya posti. Nywila wawe nazo watu wawili wa miaka tofauti, ili wa mwaka wa tatu akihitimu ukurasa usife naye, na meseji za zamani zifutwe kabla hajaikabidhi simu ya ukurasa.