Kaka anakesha na jagi la maji

SWALI: Daktari, naandika kutoka Naguru, Kampala, mume wangu ni askari polisi. Tunaishi na kaka yangu wa miaka 38 mwenye skizofrenia, anayetibiwa hospitali ya akili ya Butabika. Anatumia olanzapini, na sauti alizokuwa akizisikia zimetulia. Ila tangu mwaka jana amenenepa hadi suruali hazimfungi. Usiku anamaliza jagi la maji na kwenda chooni mara nne au tano. Tulimpeleka kliniki moja, lakini mhudumu aliposikia tu jina la Butabika akasema hayo ni mambo ya kichwa, turudi huko huko. Mama anataka dawa ziachwe. Tufanye nini?

JIBU: Dada yangu, kesho asubuhi, kabla kaka hajala chochote, mpeleke akapimwe sukari. Usingoje tarehe yake ya kurudi Butabika. Maji msimnyime, na dawa isiachwe. Nitaeleza sababu, lakini hilo la kesho lisilale.

Kiu kama hiyo kwa mtu mwenye skizofrenia ina milango mitatu, na mlango wa kwanza kuugonga ni kisukari. Mtu aliyenenepa haraka, anayekunywa sana na kukojoa usiku kucha, angekuwa mwalimu au dereva wa boda kila mtu angemwambia akapime sukari. Akipimwa kabla ya kula na namba ikawa milimoli 7 kwa lita au zaidi, hicho ni kisukari. Hata akiwa ameshakula, kwa dalili alizonazo, 11.1 au zaidi inatosha.

Mlango wa pili ni kinywa kikavu. Wagonjwa wengi hupewa benzeksoli ya kupunguza mtetemeko na kukakamaa kunakoletwa na dawa nyingine, na hiyo hukausha mate. Mtu wa aina hii hunywa funda funda, kinywa kilowe tu. Mlango wa tatu watu wengi hawaujui: baadhi ya wenye skizofrenia husukumwa na ugonjwa wenyewe kunywa maji lita kwa lita, mpaka chumvi ya damu inashuka. Hapo huanza kichwa kuuma, kutapika, kuchanganyikiwa, hata degedege. Kwa macho huwezi kuitofautisha milango hii. Kipimo cha sukari na cha chumvi za damu ndivyo vitasema, ndiyo maana jibu la kliniki ile limenisikitisha sana. Tone moja la damu kidoleni lingewapa mwanzo wa jibu siku ile ile.

Na hapa nataka kusimama kidogo, kwa sababu kilichompata kaka yako kinawapata wengi. Mgonjwa akishaandikiwa skizofrenia kwenye kadi, kila anachosema kuhusu mwili wake husikika kama wazimu. Kifua kikibana, anaambiwa anawaza sana. Mjini Kampala jina la Butabika, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1955, limegeuzwa tusi la mtaani, na tusi hilo linaingia mpaka chumba cha daktari. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2018 unaeleza kwamba watu wenye magonjwa mazito ya akili hufa miaka 10 hadi 20 mapema kuliko wenzao. Wapo wanaojiua, na hilo tusilifiche, lakini wengi huondoka kwa moyo, kiharusi, kisukari, mapafu na maambukizi, magonjwa ambayo tunajua kuyapima na kuyatibu.

Mama ana haki ya kuishuku dawa. Olanzapini, pamoja na nduguye klozapini, ndizo zinazonenepesha kuliko nyingi za kundi lake. Huamsha njaa, mtu akala sahani ya posho na maharage na bado akaona hajashiba, na huvuruga namna mwili unavyotumia sukari. Uzito hupanda zaidi katika miezi ya mwanzo, wakati familia inafurahi kwamba mgonjwa sasa anakula vizuri. Lakini dawa haibebi lawama zote. Mwaka 1879 daktari Mwingereza Henry Maudsley aliandika kwamba kisukari huonekana mara nyingi katika familia zenye wagonjwa wa akili. Dawa ya kwanza ya aina hii, klopromazini, ilianza kutumika Paris mwaka 1952. Kumbe uhusiano huo ulionekana kabla ya vidonge.

Tena mwambie mama hivi, kwa heshima yake: nchini Finland wagonjwa zaidi ya 66,000 wa skizofrenia walifuatiliwa kwa miaka 11, na matokeo yakachapishwa mwaka 2009. Waliotumia dawa kwa muda mrefu walikufa wachache kuliko wasiotumia kabisa. Mtu ambaye sauti zimemrudia hali chakula kwa wakati, halali, na hata hizo dawa za kisukari hatazimeza. Daktari wake anaweza kumbadilishia polepole dawa isiyonenepesha sana, au kumwongezea metformini, dawa ya kisukari. Kumwachisha ghafla nyumbani ni kumtupa kaka pale mlipomtoa kwa taabu.

Basi nenda naye Hospitali ya Naguru, ile ya urafiki wa China na Uganda iliyofunguliwa mwaka 2012. Iko jirani nanyi, na ada katika huduma za kawaida za hospitali za serikali zilifutwa mwaka 2001. Ukifika dirishani usianze na neno Butabika. Anza na mwili: “Ana kiu, anakojoa sana usiku, amenenepa, naomba apimwe sukari.” Ukishaandikiwa kipimo, ndipo utoe dawa zake zote na kuziweka mezani, kwa kuwa daktari lazima azijue. Omba pia apimwe presha, uzito, mzunguko wa kiuno na mafuta ya damu. Majibu yaandikwe kwenye daftari, na daftari hilo wewe mwenyewe ulipeleke Butabika. Hospitali zote mbili zimo katika divisheni ya Nakawa, lakini usitegemee faili litatembea lenyewe.

Akianza kutapika, kusinzia kupita kawaida, kuhema kwa nguvu, kutoa harufu ya matunda kinywani au kupata degedege, msingoje asubuhi. Hata saa nane za usiku, mpelekeni.

Hukuniambia kama anavuta sigara. Nauliza kwa sababu moshi wake huufanya mwili uiondoe olanzapini haraka. Akiacha ghafla, kipimo kile kile cha dawa kinaweza kumzidi, akashinda amelala. Aache, ndiyo, lakini daktari aambiwe kwanza. Kikohozi kikizidi wiki mbili, apimwe kifua kikuu. Na akikataa kula au akinuna bila sababu, muulize panapouma. Baadhi ya wagonjwa hawa hawalalamiki maumivu hata yakiwa makali, na wanafika hospitali kidole tumbo kikiwa kimeshapasuka.

Kuhusu chakula, msimpikie chungu chake peke yake kama mtu wa adhabu. Soda itoke nyumbani kwa wote, na chai ya wote ipungue sukari. Chapati za barabarani, roleksi na kikomando, ziwe za siku moja moja. Matoke asile mlima, sahani ijae mboga za majani, dodo na nakati. Jioni jua likipoa, mmoja wenu atembee naye kilima cha Naguru, kupanda na kushuka, nusu saa. Dawa yake inamfanya mzito, kwa hiyo ukimwambia “nenda ukatembee” hatakwenda. Ukivaa viatu na kumsubiri mlangoni, huenda akaja.

Ukipata majibu, niandikie, na uniandikie namba zenyewe, si “wamesema iko sawa.”