Kabla ya kuchagua rangi, kumbuka Nyiragongo

Fungua Canva au programu nyingine ya kutengeneza picha, uiambie unatafuta utulivu. Itakuletea machweo: anga la rangi ya chungwa, mlima mweusi chini yake, mtu amekaa peke yake akitazama mbali. Kama unatengeneza picha za mitandaoni za kituo cha afya ya akili mjini Goma, hiyo iache. Usiku wa tarehe 22 Mei 2021 anga la mji huu liliwaka hivyohivyo juu ya volkano ya Nyiragongo, watu wakatoka na watoto mgongoni, hawa wakielekea Sake, wale mpakani Gisenyi. Siku tano baadaye mitaa 10 kati ya 18 ya mji ikaamriwa kuhama. Mtu aliyepita hapo hawezi kutulizwa na anga jekundu, hata ukiliandikia maneno matamu kiasi gani.

Kwa hiyo kazi inaanza kwa kumbukumbu za watu utakaowaonyesha picha. Goma ina rangi ambazo tayari zimeshapewa kazi. Kituo cha uchunguzi wa volkano, OVG, kinatangaza hali ya mlima kwa kijani, njano, chungwa na nyekundu: kijani ni kawaida, njano ni kukaa macho, na kadiri unavyosogea kwenye nyekundu ndivyo hatari inavyokaribia. Njano inayosifiwa kwingine kwamba inachangamsha, hapa inaweza kusomwa kama onyo. Bluu hafifu nayo wengi wameizoea kwenye kofia za askari wa Umoja wa Mataifa, MONUSCO, na kila mtu ana lake moyoni kuhusu kofia hizo. Rangi za bendera na za kundi lolote lenye silaha ziweke mbali kabisa. Tangu Januari 2025, waasi wa M23 walipouchukua mji, watu wanapima kila tangazo wajue limetoka upande gani, na mgonjwa akihisi kituo kina upande hatakuja.

Ziwa Kivu ni zuri, nami nalipenda, lakini tarehe 3 Oktoba 2024 boti iliyotoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku, watu wakiwa ufukweni wanaona. Ukitaka ziwa, piga picha ya ukingo wenye majani na maji kidogo kwa pembeni. Maji matupu yaliyojaza skrini yote, hasa yaliyopigwa kutoka angani, yaache. Mji uliozoea vita una sababu zake za kuogopa kitu kinachoruka juu.

Kinachobaki si kidogo. Kuna kijani kilichoiva cha migomba, rangi ya unga wa muhogo, kahawia ya udongo, na kuta za mawe meusi ya volkano zilizofunikwa na maua. Mimi ningeanza na kijani kizito chenye namba #2F5D50 juu ya krimu #F4EDE0. Tofauti ya mwanga kati ya rangi hizo mbili inazidi 6 kwa 1, wakati miongozo ya kimataifa ya usomekaji inataka angalau 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida. Hapo ndipo wengi wanapokwama: wanafikiri utulivu ni rangi zilizofifia, wanaweka kijivu juu ya nyeupe, na mama anayesoma saa sita mchana sokoni Birere, kwenye simu yenye ufa, haoni kitu.

Tuchukue kadi moja ya kukosa usingizi. Upana wa 1080 kwa urefu wa 1350. Sehemu ya juu iache wazi. Katikati chora kitanda kilichotandikwa kitenge, na dirisha dogo. Chini yake: “Usingizi unakukimbia? Njoo tuongee.” Tumia herufi za kawaida, maana herufi kubwa tupu zinapiga kelele, na alama ya mshangao usiiweke. Kisha mahali, siku na saa za kazi, na bei. Kama ni bure, andika bure. Hayo yote yakae ndani ya picha yenyewe, kwa sababu kwenye WhatsApp picha inatumwa kutoka kundi hadi kundi na maelezo uliyoyaandika chini yake yanaweza kubaki nyuma. Mega ni pesa, hivyo punguza faili lifike chini ya KB 200.

Uso wa mgonjwa usiuweke, hata akikubali. Ruhusa aliyoitoa siku ya shida anaweza kuijutia akipata nafuu, na Goma watu wanajuana. Picha ya mtu aliyeshika kichwa haisaidii pia: mwenye uchungu anaujua tayari, jirani anaona mwendawazimu. Badala yake onyesha mlango wa kituo, benchi la kusubiria, viti viwili ndani ya chumba. Anayeogopa kuonekana akiingia anataka kujua kwanza anaingia wapi. Kadi inayogusa kujiua isionyeshe kifaa wala njia yoyote. Iseme tu msaada uko wapi sasa hivi.

Video isianze na mlio wa ghafla wala mwanga wa kumetameta. Mlango unaobamizwa unatosha kumrusha mtu aliyelala chini ya risasi.

Kabla ya kutuma, mwonyeshe kadi hiyo mtu aliyewahi kuhama kwao na mwingine asiyefanya kazi kituoni. Usiwaulize kama wanaipenda, watakujibu ndiyo kwa heshima. Uliza, “Unaona nini hapa?” kisha nyamaza. Mmoja akisema moshi mahali ulipochora wingu, futa wingu.

Kwenye kona andika mwezi na mwaka, na utunze faili la asili. Namba za simu hubadilika, kituo huhama, kadi ya zamani inaendelea kuzunguka. Namba uliyoiandika lazima iwe na mtu wa kuipokea kwa saa ulizotaja.