TEMBO ALIYEITWA POLE POLE
Somo la kujifunza nyumbani na katika vikundi

Masomo ya kusoma kwanza: Kumbukumbu la Torati 22:6-7, 2 Samweli 12:1-7, 2 Samweli 24:18-25, Luka 12:6-7.

Shabaha ya somo: Kujifunza kutambua ni nani anayelipa gharama ya furaha yetu na ya zawadi zetu.

1. Kicheko nyumbani

Zamani mtu wa Kirua Vunjo aliyetaka kuona senema ilimpasa kushuka Moshi mjini, au angoje gari la senema lipite. Siku hizi picha za zamani zimetufuata mpaka sebuleni. Mtu huleta diski, au huitafuta picha katika simu yake, na watoto wa jirani wakasikia, nyumba ikajaa. Wako wanaoona vibaya jambo hili. Lakini kucheka pamoja si dhambi. Nyumba ambayo baba, mama na watoto wanacheka kitu kimoja kwa wakati mmoja ina baraka yake.

Kati ya picha hizo iko moja ya Waingereza, ya kuchekesha, iliyotolewa mwaka 1970, nayo yatuhusu sisi kuliko tunavyodhani. Kwa Kiingereza yaitwa An Elephant Called Slowly, yaani Tembo Aitwaye Pole Pole. Ilipigwa katika mbuga ya Tsavo nchini Kenya, ng'ambo ya Taveta, mahali ambapo mtu akitazama magharibi siku isiyo na mawingu huuona mlima wetu. Wanaoirudia picha hii leo wakiwa nyumbani wanaweza kucheka kama watu walivyocheka zamani. Lakini sisi tunajua lililotokea baadaye, ambalo watazamaji wa kwanza hawakulijua. Ndilo somo letu la mwezi huu.

2. Picha yenyewe

Wachezaji wakuu ni mume na mke, Bill Travers na Virginia McKenna. Wengi wanawakumbuka kwa picha ya Born Free ya mwaka 1966, habari za simba jike Elsa aliyelelewa na George Adamson na mkewe Joy. Aliyeongoza picha zote mbili ni James Hill.

Katika picha hii ya pili mambo ni mepesi. Mume na mke wa Kiingereza wanaombwa na rafiki wamtunzie nyumba yake porini. Wanafika, kumbe nyumba ina wenyeji: watoto watatu wa tembo! Hapo ndipo kichekesho kinapoanza. Wageni hawajui pori, hawajui njia, hawajui tembo mdogo anataka nini. Nao tembo hawajui kwamba hawa ni wageni, basi wanawafuata kila waendako kama watoto wanavyomfuata bibi yao shambani. George Adamson mwenyewe naye anaonekana, pamoja na simba wake. Hamna matusi ndani yake wala damu.

Mdogo katika wale tembo aliitwa Pole Pole. Waliotafsiri jina hilo kwa Kiingereza walichukua maana moja tu, ya kwenda taratibu. Sisi wenye lugha twasikia na maana nyingine. Pole ndilo neno tunalompa mfiwa, na mgonjwa, na aliyetoka safari ndefu. Jina hili lilimfaa mtoto yule kwa maana zote mbili.

3. Yaliyotokea baada ya kicheko

Pole Pole alikuwa na umri wa miaka kama miwili. Alikuwa amekamatwa porini, akatengwa na mama yake na kundi lake, kwa sababu serikali ya Kenya ilikuwa imekusudia kumpeleka London awe zawadi kwa bustani ya wanyama ya mji huo. Kabla ya kusafirishwa alitumiwa katika senema.

Kazi ilipokwisha, Travers na McKenna walikuwa wamempenda. Wakaomba wamnunue ili abaki Afrika. Jibu walilopewa lilikuwa hili: mnaweza kumnunua, lakini zawadi lazima iende, itabidi akamatwe mwingine badala yake.

Tusimame hapa kidogo. Wangeweza kumwokoa yule waliyemjua, mwenye jina, aliyeyashika mavazi yao kwa mkonga wake. Mwingine hawajamwona, yuko porini na mama yake. Wakakataa kumnunua. Hawakutaka mtoto wa pili achukuliwe ili mioyo yao ipate kutulia. Pole Pole akaenda London.

Mwaka 1982 walikwenda kumwona. Kwa wakati huo alikuwa akiishi peke yake, bila tembo mwenziwe. Walipomwita kwa jina alikuja, akaunyosha mkonga wake juu ya kizuizi mpaka ukagusa mikono yao. Miaka zaidi ya kumi na miwili ilikuwa imepita, naye alikuwa hajawasahau.

Ndipo wakaanza kumtetea. Walipata mahali Afrika ya Kusini ambapo angeweza kuishi na wenziwe; wenye bustani hawakukubali, wakaamua kumhamishia Whipsnade, bustani yao nyingine iliyo shamba. Siku ya safari, mwaka 1983, alisimama muda mrefu mno ndani ya kasha la kusafirishia, akaanguka, akaumia mguu. Siku chache baadaye madaktari wa wanyama walimpima akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi, wakaamua asiamshwe tena. Alikuwa hajafika miaka ishirini. Tembo aweza kuishi miaka sitini na zaidi.

4. Tembo ni mnyama wa namna gani?

Ili tuone uzito wa habari hii, yatupasa kumjua mnyama mwenyewe. Mama tembo hubeba mimba miezi 22. Mtoto hunyonya miaka miwili na zaidi. Kundi huongozwa na jike mzee, na ndani yake wamo binti zake, wajukuu, na dada za mama. Mtoto wa kike haondoki. Huzaliwa humo, huzaa humo, huzeeka humo. Mwenye kumtoa mtoto wa kike katika kundi amekata ukoo.

Torati yaligusa jambo hili kwa mfano mdogo kabisa, habari ya ndege na makinda yake. Soma Kumbukumbu la Torati 22:6-7. Aliyekuta kiota njiani hakuruhusiwa kumtwaa mama pamoja na watoto wake. Mungu aliyeweka sheria kwa ajili ya kiota hawezi kuwa hamwangalii tembo. Na Bwana wetu, katika Luka 12:6, atufundisha kwamba hata shomoro wa bei ndogo hasahauliwi mbele za Mungu.

5. "Lakini tembo hula mahindi yetu"

Najua wasomaji wengine wameanza kunung'unika. Watu wa Rombo na wa Kilimanjaro Magharibi wanawajua tembo wanaotoka Tsavo na Amboseli kuingia mashambani. Shamba la msimu mzima huisha usiku mmoja, na watu wengine wamepoteza maisha yao. Manung'uniko hayo ni ya haki. Mtu wa London aliyecheka akitazama picha hakulipa debe moja la mahindi.

Tena mwingine atasema: mbona sisi wenyewe twafunga ng'ombe zizini maisha yake yote? Ni kweli, vihamba vyetu ni vidogo. Lakini mama anayepanda kutoka tambarare na mzigo wa majani kichwani analipa yeye mwenyewe gharama ya ng'ombe wake. Shingo yake inajua bei ya maziwa. Hapo pana tofauti kubwa na mtu atoaye zawadi ambayo bei yake inalipwa na mwingine.

Basi swali la somo hili halihusu tembo peke yao. Linauliza: nani analipa, na je, aliulizwa?

6. Mwana-kondoo wa maskini

Soma sasa 2 Samweli 12:1-7. Nabii Nathani alimpa mfalme Daudi mfano wa tajiri aliyefikiwa na mgeni. Ukarimu ni jambo jema. Hata Wachagga wa zamani hawakumwacha mgeni aondoke bila kitu. Lakini tajiri yule aliyaacha makundi yake mwenyewe, akamtwaa mwana-kondoo mmoja wa jirani maskini, akamwandalia mgeni wake. Mgeni alikula, tajiri akasifiwa kwa ukarimu, maskini akabaki na kikombe ambacho mwana-kondoo wake alikuwa akikinywea. Zawadi ilikuwa nzuri mezani. Ubaya wake ulikuwa mahali ilipotoka.

Daudi alijifunza. Katika 2 Samweli 24 Arauna alitaka kumpa bure uwanja, ng'ombe na kuni za dhabihu. Mfalme alikataa, akanunua kwa fedha. Hakutaka kumtolea Mungu kitu kisichomgharimu yeye.

Sasa tuingie nyumbani mwetu. Katika vijiji vya mlima huu ni desturi kupeleka binti mjini akafanye kazi katika nyumba ya jamaa au ya mtu aliyejuana na jamaa. Wengine hutendewa vema, wakasomeshwa. Lakini wako wanaochukuliwa wakiwa wadogo, shule haijaisha, nao hawakuulizwa. Mama yake huambiwa ni bahati. Mwenye nyumba hupata nafasi ya kwenda kazini, na kwaya, na mikutano ya kanisa. Mtoto ndiye anayelipa. Na akilia mno arudishwe kwao, sisi husemaje? "Basi, nitafutieni mwingine." Maneno hayo hayana tofauti na jibu lile walilopewa Travers na mkewe.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza mtoto aliye chini ya miaka 14 kuajiriwa. Lakini Mkristo asingoje askari amkumbushe. Aulize mwenyewe: binti huyu anaitwa nani kwao? Mara ya mwisho kuzungumza na mama yake ilikuwa lini? Akitaka kurudi shule, nani atampinga?

7. Huzuni iliyofanya kazi

Travers na McKenna hawakuishia kulia. Mwaka 1984, mwaka uliofuata kifo cha Pole Pole, walianzisha chama cha kuchunguza hali za wanyama waliofungwa katika bustani, kikiitwa Zoo Check. Mwaka 1991 kikapata jina la Born Free Foundation, nacho kinafanya kazi hata sasa. Travers alifariki mwaka 1994. Mwaka 2001 bustani ya London iliwahamishia tembo wake wa mwisho Whipsnade, penye nafasi zaidi.

Nasi Tanzania tunalo la kukumbuka. Mwalimu Nyerere, katika Tamko la Arusha la Septemba 1961 juu ya wanyama wa porini, aliahidi mbele ya ulimwengu kwamba nchi hii itawatunza kwa ajili ya watoto wa watoto wetu. Hata hivyo tembo wa Tanzania walikuwa zaidi ya 100,000 mwaka 2009, na hesabu ya mwaka 2014 ikakuta hawafiki 45,000. Pembe zao zilikwenda kuwa mapambo na zawadi katika nyumba za watu wa mbali.

Kwa hiyo ukiipata picha ile, itazame na watoto, na mcheke. Ikiisha, msizime taa upesi. Waambieni watoto habari zilizobaki. Mtoto anayeweza kucheka na tembo yule, kisha akamwonea huruma, ameanza kujifunza kumpenda jirani.

Maswali ya kujadili

1. Je, Travers na McKenna walifanya sawa kutomnunua Pole Pole? Wewe ungefanyaje?
2. Mkulima wa Rombo aliyeliwa mahindi na tembo anadai haki gani? Nani angepaswa kumlipa?
3. Taja zawadi moja uliyopokea au kuitoa ambayo gharama yake ililipwa na mwingine.
4. Katika mtaa wetu wako mabinti wangapi wanaofanya kazi za nyumbani? Je, twawajua majina yao, na je, wanafika kanisani?
5. Kikundi chenu kinaweza kufanya nini mwezi huu kwa ajili ya mmoja wao?

Sala

Ee Mungu, uliyeumba wanyama wa porini na watoto wa nyumbani, utusamehe furaha tulizonunua kwa machozi ya wengine. Utupe macho ya kumwona anayelipa, na moyo wa kulipa wenyewe. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.